Kuvua Bunyonyi wakati wa ukungu: mmoja avue, mwenzake ashike njia

Ukungu wa Ziwa Bunyonyi, huku kusini-magharibi mwa Uganda, usikurudishe kitandani. Mimi naishi Kabale, kazi yangu ni kupitisha mizigo mpakani Katuna, na asubuhi ninazozipenda kuliko zote ni zile za Juni na Julai ambazo ukifungua dirisha huioni hata nyumba ya jirani. Siku kama hiyo humpigia simu sahibu yangu, mtu wa Goma mwenye duka la spea hapa mjini. Tunaelewana kwa Kiswahili, yeye cha kwao na mimi cha Busia nilikozaliwa, na jibu lake huwa moja: "Nakuja, ndugu yangu. Chai uko nayo?"

Nayaandika haya kwa wawili wanaotaka kwenda kama tunavyokwenda sisi. Jambo moja naliweka mbele ya mengine yote, na sitaki mtu alichukulie mzaha: kwenye ukungu msivue wote wawili kwa wakati mmoja. Mmoja anavua, mwenzake anashika njia. Anayeshika njia hana mshipi mkononi kabisa. Macho yake yako kwenye ukingo wa ziwa, masikio yake yako majini, na kafi iko tayari. Baada ya muda mnabadilishana. Mshipi una uchawi wake: samaki akigusa tu, dunia nyingine yote inafutika, na mtumbwi unaweza kusogea mbali sana bila ninyi kujua. Wavuvi wawili wenye mishipi majini ni watu wawili wasiojua walipo.

Kwanza tuelewane kuhusu samaki. Anayekuja na fimbo ya kisasa akiuliza trauti, huyo namwelekeza mashariki, kwenye mito baridi ya Mlima Elgon upande wa Sipi. Trauti aliletwa na Waingereza na anapenda maji yanayokimbia. Bunyonyi ni ziwa lililotulia, mita 1,962 juu ya usawa wa bahari, lililozaliwa pale lava ya volkano ilipoziba bonde la mto. Samaki wake nao wengi ni wa kuletwa. Ngege (tilapia) walikufa kwa wingi miaka ya 1960, na mwaka 2002 vifaranga vya ngege na kambale vikamwagwa upya. Leo utapata kambale, ngege, kapi mara moja moja, na kamba wekundu wa maji baridi, hao wako tele. Chini kabisa maji ya ziwa hili hayana oksijeni ya kumtosha samaki, kwa hiyo samaki hawakai katikati kwenye kina. Wanakaa pembeni, kwenye mafunjo na mawe. Kwa mvuvi wa siku ya ukungu hiyo ni habari njema sana, maana hana sababu yoyote ya kuuacha ukingo.

Usome ukungu ukiwa bado juu

Barabara ya kutoka Kabale hupanda kilima kabla ya kuteremka Rutinda kwenye gati. Ukifika mgongoni mwa kilima, mwambie bodaboda asimame. Hapo ndipo uamuzi unapofanyika. Ukishafika chini mtumbwini umechelewa, maana huko utaona weupe tu na utashawishika kwenda.

Ukungu wa kwanza ni wa usiku usio na mawingu. Hewa ya milimani inapoa, inateremka bondeni, inakuta maji ya ziwa ambayo bado yana joto la mchana. Mvuke unaopanda kutoka majini unapoa hapo hapo na kugeuka matone madogo mno yanayoelea. Ukiwa juu ya kilima utaona anga ni safi, nyota za mwisho zinaonekana, na bonde zima limejaa weupe uliotulia huku vichwa vya visiwa vimejitokeza juu yake. Huo ndio ukungu mzuri. Hauna upepo, na jua likishapanda, saa tatu au saa nne, unachanika na kwisha.

Ukungu wa pili si wa ziwa, ni wingu lililokuja kukaa juu ya milima. Hata pale kilimani uliposimama umo ndani yake, manyunyu yanakulowesha nyusi, na huoni kisiwa wala anga. Huo unaweza kukaa hadi mchana, na nyuma yake mara nyingi kuna mvua. Siku hiyo sisi hatuingii majini. Tunakaa ukingoni kwenye mawe, tunavua kutoka hapo hapo, na tunarudi na kamba wa kutosha kitoweo. Sioni haya kabisa kuvua nikiwa nimesimama nchi kavu.

Angalia pia siku ya wiki. Jumatatu na Ijumaa ni siku za soko Rutinda. Mitumbwi inatoka visiwani na ng'ambo alfajiri ikiwa imejaa watu, viazi, kabichi na mbuzi, na inakuja moja kwa moja kwa sababu wenyewe wanaijua njia hata wakiwa wamefumba macho. Wewe uliyesimama katikati ya njia yao na fimbo utakuwa kikwazo. Chagua siku nyingine.

Mwenzako

Mtu wa kwenda naye si lazima awe mvuvi hodari. Awe mtu anayeweza kunyamaza nusu saa bila kuona umemnunia. Asiwe amekunywa, hata kidogo, hata cha jana usiku. Na awe mtu anayeweza kusema "turudi" bila kuona aibu. Sisi tuna mkataba: mmoja akitamka turudi, tunarudi, hakuna mjadala, hata kama samaki ndio kwanza wameanza kula. Sababu ataieleza nchi kavu akitaka. Sahibu yangu aliwahi kulitamka neno hilo kwa sababu tu vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi asihisi kafi, na nilimshukuru, maana mtu wa aina hiyo hatakudanganya siku ya hatari.

Vitu vya kubeba

Laifujaketi mbili, zimevaliwa na kufungwa tangu gatini. Bunyonyi haina mamba wala kiboko, na watu wanaposikia hivyo hujiona salama. Kinachoua hapa ni maji yenyewe: ukingo unashuka kina ghafla, na maji ya asubuhi yanamkata mtu pumzi akitumbukia. Ukisikia mtu anasema laifujaketi inamzuia kupiga kafi, mwache gatini.

Sweta ya sufu, koti la mvua, kofia. Asubuhi ya Julai kipimajoto hushuka hadi karibu nyuzi 10, na ukungu unalowesha nguo taratibu bila wewe kuhisi. Buti za mpira ziache nyumbani, zikijaa maji zinakuzuia kuogelea. Vaa viatu vinavyovulika haraka.

Filimbi kwa kila mmoja, imening'inia shingoni. Simu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na ndani ya simu iwe programu ya dira, ambayo hufanya kazi hata pasipo mtandao. Kamba ya mita 15 yenye jiwe, ndiyo nanga yenu. Kopo la kukumbia maji. Chai ya tangawizi kwenye thamosi, na hiyo nayo naihesabu kuwa kifaa cha usalama kwa sababu mikono yenye baridi hufanya mambo ya kijinga.

Vifaa vya kuvulia havihitaji fedha nyingi. Mshipi wa nailoni wa unene wa milimita 0.25 kwa ngege, na wa 0.40 kwa kambale. Ndoana ndogo, namba 8 au 10, kwa ngege. Kwa kambale chukua kubwa, namba 1 au zaidi. Chubwi kidogo za risasi. Boya tunatengeneza wenyewe kwa kipande cha bua la mafunjo lililokauka, urefu wa kidole cha kati. Linaelea wima vizuri na halimtishi samaki likianguka majini. Fimbo ikiwepo ni sawa, ufito wa mwanzi pia ni sawa, na kambale nampenda zaidi kwa mshipi wa mkono.

Fundo la ndoana ndilo linalowapotezea wengi samaki, kwa hiyo nalieleza polepole. Pitisha ncha ya mshipi kwenye tundu la ndoana, ivute hadi upate urefu wa shubiri. Izungushe ncha hiyo kwenye mshipi mkuu mara tano au sita. Utaona hapo karibu na tundu pamebaki kitanzi kidogo. Pitisha ncha ndani ya kitanzi hicho. Sasa usivute kwanza: lowesha fundo kwa mate. Nailoni ikivutwa kavu inajisugua, inapata joto, na inakuwa dhaifu pale pale unapoitegemea. Likishalowa, vuta mshipi mkuu taratibu, mizunguko ijipange mmoja juu ya mwingine, kisha ibane kwa nguvu. Kata ncha ukibakiza milimita tatu. Yafungeni mafundo yote nyumbani usiku, mezani, chini ya taa. Kwenye ukungu na vidole baridi hutalifunga vizuri.

Chambo cha ngege ni minyoo ya bustanini au posho, yaani ugali, iliyosongwa ngumu na kufinyangwa vidonge vidogo. Kambale anataka harufu: utumbo wa kuku ndio bora, na ukikaa siku moja unazidi kuwa bora.

Kibali usikisahau. Kabla ya kuanza kuvua, uliza ofisi ya samaki ya wilaya kinachotakiwa. Ziwa hili liko Kabale na pia Rubanda, ambayo imekuwa wilaya peke yake tangu 2016, kwa hiyo jua unavulia upande gani.

Mtumbwi

Mitumbwi ya hapa huchongwa kwa gogo la mkaratusi. Unakodi kwa mwenyewe gatini, na ukimkuta mzee, salamu ya kwanza iwe ya kwao: "Agandi, mzee." Atakujibu, mtajuliana hali, ndipo uingie kwenye Kiswahili chako. Kwa wazee wengi wa Uganda Kiswahili kiliwahi kuwa sauti ya askari kizuizini, na salamu ya Rukiga inaondoa hilo kabla halijasimama kati yenu. Kisha muulize kuhusu ukungu wa leo. Akisema subirini, subirini. Kagua mtumbwi mbele yake: tafuta nyufa, tazama maji yaliyotuama chini, na hakikisha kuna makafi mawili.

Mgeni akipiga kafi kwenye mtumbwi huu huzunguka pale pale, na watoto wa shule waliomo ndani ya mitumbwi yao wanampita wakicheka. Siri iko kwa anayekaa nyuma. Avute kafi upande mmoja tu, na mwisho wa kila mvuto, kabla ya kuitoa majini, aligeuze bapa kidogo na kusukuma maji nje, mbali na mtumbwi. Msukumo huo mdogo ndio unaonyoosha njia. Wa mbele anavuta tu, upande wa pili. Lijaribuni hili mbele ya gati siku ya jua kabla hamjalipeleka kwenye ukungu.

Kushika njia

Kabla ya kuondoka gatini, fungua dira, tazama ukingo unaoufuata umeelekea wapi, na uandike kwa kalamu kwenye kiganja. Mkiondoka, ukingo uwe mkono wa kushoto, karibu kiasi kwamba mnaona mashina ya mafunjo, si kivuli chake. Mkirudi, ukingo uwe mkono wa kulia. Sheria hii ni fupi na inatosha kwa asubuhi nzima, mradi tu mnaitii kila mnapokutana na ghuba.

Tabu ya Bunyonyi ni hizo ghuba, nyembamba na nyingi. Mtu akifika mdomoni mwa ghuba anaona uvivu kuizunguka, anakata moja kwa moja ili aukute ukingo upande wa pili. Kwenye ukungu usikate hata siku moja, labda uwe unauona upande wa pili kwa macho. Ingia ndani ya ghuba, izunguke, utoke. Kwanza samaki wamo humo humo.

Ziwa lina visiwa 29, na kwenye ukungu kila kisiwa ni nchi kavu kama nchi nyingine. Mkiupoteza ukingo kisha mkakuta ardhi, msishangilie kwanza. Ifuateni kwa mkono ule ule mkitazama dira. Dira ikizunguka pande zote nne na mkarudi kwenye mti mliouanzia, mko kisiwani. Basi shukeni, fungeni mtumbwi, mnywe chai, mngoje jua. Kisiwani ni mahali pazuri pa kungojea. Bwama, alikoanzisha daktari Mwingereza Leonard Sharp makazi ya wagonjwa wa ukoma mwaka 1931, leo kina shule na watu, na ukikikaribia utasikia sauti kabla hujaona majani. Akampene ni kidogo, nyasi na mti tu, na tukipita hapo tunanyamaza. Wasichana walioshika mimba kabla ya ndoa waliachwa pale zamani wafe kwa njaa au kwa maji. Mwenzangu huvua kofia kila mara, na mimi nimeiga.

Masikio nayo yana kazi, ila yajue mipaka yake. Hewa baridi ikilala juu ya maji chini ya hewa yenye joto zaidi, sauti haipandi juu kupotea, inarudishwa chini na kusafiri mbali sana. Jogoo unayemsikia kama yuko mbele yako huenda yuko ng'ambo. Kwa hiyo sauti ikuambie kuna nini, isikuambie kuna umbali gani. Ukisikia makafi au injini, piga filimbi mara moja, ndefu, kisha nyamaza usikilize, urudie hadi wa mtumbwi ule wajibu. Filimbi tatu mfululizo ni kuomba msaada, hizo msizichezee.

Kabla ya kuvua, simamisheni mtumbwi. Teremsha nanga ya jiwe pale maji yalipo na kina cha mita tatu hadi tano. Msiufunge mtumbwi kwenye mafunjo bila kuyajaribu: mengine yameshika ardhi, mengine ni mkeka unaoelea, na mkeka huo husafiri. Chomeka mpini wa kafi katikati ya mizizi. Ukigota udongo, funga. Ukipita hadi majini, tafuta pengine.

Ukungu ukiwa mzito: kambale

Kambale ni wa usiku. Mwanga ukishakuwa mkali huingia kwenye tope na mizizi, na ukungu unamcheleweshea asubuhi. Saa moja na saa mbili, wakati siku nyingine angeshalala, yeye bado anazunguka pembeni akitafuta chakula. Hizo ndizo saa zako.

Utamsikia kabla hujamwona. Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa, kwa hiyo hupanda juu, hubugia pumzi moja, na kuzama. Ziwa likitulia sauti hiyo inasikika wazi, kama mtu amefumbua midomo iliyokuwa imebanwa, halafu mapovu machache yanafuata mstari. Mapovu yanakuonyesha alikoelekea. Tupa mbele yake, si juu yake.

Chubwi likae juu ya ndoana kwa shubiri mbili, utumbo wa kuku uchomwe mara kadhaa ili usitoke. Acha vifike chini, kisha vuta mshipi hadi unyooke, na uushike juu ya kidole cha shahada. Kambale hagongi kwa pupa. Kwanza unahisi uzito, mshipi umekuwa mzito tu bila sababu. Anakipapasa chambo kwa ndevu zake. Ngoja. Halafu mshipi unaanza kutembea, kwa utulivu, upande mmoja. Hapo ndipo uvute, mara moja, kwa mkono wote. Sahibu yangu wakati huu hunong'ona nyuma yangu, "Pole pole, muzee, ni wako huyo," na hunong'ona huku macho yake yako kwenye mafunjo, hayako kwenye mshipi wangu. Ndivyo inavyotakiwa.

Akifika juu usimshike kiholela. Mapezi yake ya kifuani yana mwiba mgumu kila upande, na anaufungua anapobanwa. Mshike nyuma ya kichwa, kidole gumba upande mmoja na vidole viwili upande wa pili, nyuma ya miiba, kwa kitambaa kikavu kwa sababu ya ute. Mweke ndani ya gunia lililoloweshwa. Kwa kuwa anavuta hewa, atakaa hai humo hadi mtakaporudi.

Mara nyingi kitakachogusa chambo hakitakuwa kambale. Ukihisi tap, tap, tap ndogo ndogo zisizovuta, ni kamba wanakata utumbo kwa makoleo yao. Inua chambo, kikae juu ya udongo kiasi cha shubiri moja, watakikosa wengi wao. Au fanya kama sisi: funga kichwa cha samaki kwenye uzi, kishushe kando ya mawe, na kila baada ya muda kipandishe taratibu sana huku mwenzako akitanguliza kikapu chini yake. Kamba hukishikilia chakula kwa ukaidi hadi karibu na uso wa maji. Mchemshe kwa chumvi na ndimu, ganda lake linawiva kwa wekundu mkali, na mkia ndio wenye nyama.

Ukungu ukichanika: ngege

Kuna wakati weupe unakuwa na rangi ya maziwa yaliyochujwa na unaanza kuona kivuli cha kilima. Toeni nanga. Badilishaneni zamu hapo, kwa sababu aliyeshika njia amechoka kukodoa macho na sasa kazi inakuwa nyepesi kwake.

Ngege anangoja joto. Asubuhi ya baridi mdomo wake mzito, lakini jua likigusa maji ya pembeni yeye hupanda kwenye ukingo wa mafunjo. Vua kwa boya, ndoana ikiwa mita moja chini yake, chubwi dogo kabisa. Mtumbwi uwe mbali na mafunjo kwa urefu wa fimbo mbili, na jua liwe mbele yenu, kivuli chenu kisianguke anapokula. Kabla ya kutupa, nyunyiza kiganja kimoja cha makombo ya posho. Kimoja tu, ukizidisha unamshibisha.

Boya la mafunjo litatetemeka, litainama, kisha litazama kwa mshazari. Vuta linapozama, kwa kifundo cha mkono tu. Mdomo wa ngege ni laini na unachanika.

Vipimo tumevichukua Ziwa Victoria, ambako sheria inataka ngege asivuliwe chini ya inchi 11. Tumechora alama hiyo kwa kisu kwenye mpini wa kafi. Asiyefika anarudi majini, kwa mikono iliyolowa ili usimwondolee ute. Ziwa hili limeshawahi kubaki karibu tupu, na watu wa visiwani wanalitegemea kwa kitoweo kuliko sisi wenye mishahara. Kwa sababu hiyo hiyo hatubebi zaidi ya tunachokula nyumba zetu mbili, hata siku ambayo samaki wamekubali.

Adhuhuri upepo huamka na ziwa huanza kuchafuka. Muwe gatini kabla yake. Ngurumo ikisikika, hata ya mbali, tokeni majini mara moja na mkae mbali na miti mirefu.

Mkirudi

Mlipe mwenye mtumbwi, mpe na samaki mmoja mkipata, na mwambie mlichokiona: mahali mkeka wa mafunjo uliposogea, mti ulioanguka majini, nyavu iliyotelekezwa. Yeye atawapa wengine habari hizo, na siku nyingine atawapa ninyi.

Kambale mwoshe kwa majivu. Mpake mwili mzima, sugua kwa viganja, suuza, rudia hadi ute uishe na ngozi ikwaruze kidogo mkononi. Bila hivyo atanuka tope hata umpike na nini. Mkate vipande, mtie chumvi, mkaushe juu ya moshi saa chache, ndipo umpike na nyanya na kitunguu. Nyumbani kwa sahibu yangu anapikwa na sombe, yaani majani ya muhogo, na sijala kambale mzuri kuliko huyo. Ngege wa hapa hahitaji mengi: mkaange mzima, ndimu na pilipili pembeni.

Usiku ule ule tandaza mshipi wote kwenye kiti ukauke, upitishe katikati ya vidole viwili ukitafuta mahali palipokwaruzika, na ukipahisi kata hapo utupe kipande. Ndoana zipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya kupikia, zisishike kutu.